Damu na Pumzi

Mwaka 1976 nilikuwa nikifundisha somo la Sayansi, darasa la sita, katika shule moja ya msingi wilayani Pangani. Siku moja nilichora moyo ubaoni, vyumba vyake vinne, upande mmoja kwa chaki nyekundu na upande wa pili kwa chaki ya buluu, na mishale ya kuonyesha njia ya damu. Nilijivunia sana mchoro ule. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Nani aliiona damu ikizunguka?"

Nikamjibu kwamba wataalamu waliiona. Akauliza tena, "Waliionaje, Mwalimu, na ngozi imefunika?" Darasa zima likacheka. Nami, badala ya kumjibu, nikamwamuru akae chini anakili mchoro. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Chuoni tulifundishwa kwamba damu inazunguka kama tulivyofundishwa kwamba Kilimanjaro ndio mlima mrefu kuliko yote barani Afrika. Nani aliyepima, na alipima kwa kamba gani, hatukuambiwa, wala hatukuuliza.

Swali lile lilinikaa kooni kwa sababu nyingine ambayo mtoto yule hakuijua. Miaka kumi nyuma yake, mwaka 1966, alifariki mdogo wangu wa kike akiwa na umri wa miaka 13. Nyumbani tulisema amekufa kwa pumu. Zahanati tuliyompeleka nayo ilisema pumu, ikampa vidonge vya pumu. Usiku alikuwa hawezi kulala chali. Alikaa kitako akiegemea mito mitatu ya usufi, kifua kikilia kama filimbi, mpaka alfajiri. Mwishoni miguu ilimvimba. Mama yetu aliishi miaka mingi akiamini kwamba moshi ndio uliomuua mwanawe, moshi wa makumbi na vifuu pale jikoni, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimtuma kuchochea moto. Hakulisema jambo hilo mara nyingi. Lakini kila alipopuliza moto, nasi tulijua anawaza nini.

Basi niliposhindwa kumjibu yule mvulana, nilianza kutafuta vitabu. Nilivipata kidogo kidogo, vingine kwa kuazima, vingine kwa kununua kwa wauza vitabu vilivyotumika, na vingi vikiwa vya Kiingereza kilichonitoa jasho. Haya ninayokusimulia, ndugu msomaji, ni mavuno ya miaka mingi ya usomaji wa namna hiyo.

Tuanze na tabibu wa Kiyunani aitwaye Galen, aliyezaliwa mwaka 129 katika mji wa Pergamon, nchi ambayo leo ni Uturuki. Ujanani aliwatibu watu waliopiganishwa kwa panga mbele ya umati, na vidonda vyao vikawa kwake madirisha ya kuchungulia mwilini. Baadaye akahamia Roma, akawa tabibu wa watawala. Alipasua nyani na nguruwe, kwa kuwa maiti za watu hazikuruhusiwa kupasuliwa. Tusimdharau: yeye ndiye aliyethibitisha kwamba mishipa ya ateri ina damu ndani yake, wakati wengine kabla yake walidai ina hewa tupu.

Lakini fundisho lake kuhusu safari ya damu lilikuwa hivi. Chakula hugeuzwa damu ndani ya ini. Kutoka katika ini damu hupita kwenye mishipa ya vena kwenda mwilini kote, na mwili huinywa kama shamba linavyokunywa maji ya mvua. Hairudi kuanza upya, bali ini hutengeneza nyingine. Sehemu ya damu hiyo huingia upande wa kulia wa moyo, ikajipenyeza hadi upande wa kushoto kupitia vitundu vidogo visivyoonekana katika ukuta wa kati, na huko hukutana na pumzi iliyotoka mapafuni. Mtu wa Pangani akisoma habari hizi huikumbuka bahari yake: maji yanajaa, maji yanapwa, kwenda na kurudi katika mkondo ule ule.

Fundisho hilo lilitawala kwa karibu miaka 1400. Nasi wa pwani tumelirithi bila kujua, maana lilitafsiriwa kwa Kiarabu, na kutoka Kiarabu likaingia katika vinywa vya wazee wetu. Ukisema una belghamu kifuani, unatamka neno la Kiyunani lililopitia Uarabuni. Safura, ambayo sisi tunaijua kuwa ugonjwa wa kuishiwa damu, kwa matabibu wa kale ilikuwa ni nyongo ya manjano, mmojawapo wa majimaji manne waliyosema yanatawala afya ya mtu. Marehemu babu yangu alikuwa akiumikwa kwa chuku kila mwaka ili kupunguza damu iliyozidi. Hakumjua Galen, lakini Galen angemwelewa.

Sasa nifike kwa mtu ninayempenda kuliko wote katika kisa hiki. Ibn al-Nafis alizaliwa karibu na Damascus yapata mwaka 1213, akasoma udaktari huko, kisha akafanya kazi Misri, mjini Cairo. Mwaka 1242, akiwa hajatimiza miaka 30 au ndiyo kwanza anaitimiza, aliandika sherehe ya sehemu za elimu ya viungo katika kitabu kikubwa cha Ibn Sina. Alipofika mahali pa vile vitundu vya ukuta wa moyo, alisema wazi kwamba havipo. Ukuta ule, alisema, ni mzito na hauna tundu la kuonekana wala lisiloonekana. Na ikiwa ukuta hauna tundu, basi damu ya upande wa kulia haina njia nyingine ya kufika kushoto isipokuwa itoke moyoni, iende mapafuni, itawanyike humo, ichanganyike na hewa, halafu irudi upande wa kushoto wa moyo.

Hebu tulia uone uzito wa maneno hayo. Mtu huyu alimpinga Galen na Ibn Sina kwa pamoja, jambo ambalo katika zama zake lilikuwa kama mwanachuo wa mwaka wa kwanza kumsahihisha mkuu wa chuo. Naye mwenyewe aliandika kwamba sheria ya dini na huruma aliyonayo vilimzuia kupasua. Wapo wanaodhani hata hivyo alipasua, wapo wanaosema alifikia hapo kwa hoja tu. Mimi naegemea upande wa hoja, ingawa si mtaalamu wa kuamua. Ufunguo wote ulikuwa katika swali dogo: kama mlango huu haupo, basi mgeni aliingilia wapi?

Alifariki Cairo mwaka 1288, akiwa ameacha nyumba yake na vitabu vyake kuwa wakfu kwa hospitali ya Sultani Qalawun. Walioandika maisha yake wanasimulia kwamba katika maradhi ya mwisho matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa, akakataa, akisema hataki kukutana na Mola wake akiwa nao tumboni. Kisha jambo lake likasahauliwa karibu kabisa, mpaka mwaka 1924, kijana wa Kimisri, al-Tatawi, aliyekuwa akisomea udaktari Ujerumani, alipoukuta mswada wake katika maktaba ya Berlin. Karibu karne saba! Je, katikati ya miaka hiyo habari zake ziliwafikia watu wa Italia? Wanazuoni wangali wanabishana.

Ulaya walifikia jambo hilo hilo kwa njia yao. Mhispania Michael Servetus aliliandika mwaka 1553 ndani ya kitabu cha dini, na mwaka huo huo, tarehe 27 Oktoba, alichomwa moto hadharani mjini Geneva, kwa ajili ya imani yake na si kwa ajili ya damu. Mwitaliano Realdo Colombo akalichapisha mwaka 1559. Hata hivyo wote hawa walieleza mzunguko mdogo tu, wa kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi. Mwili uliobaki walimwachia Galen.

Aliyemaliza kazi ni Mwingereza William Harvey, aliyezaliwa mwaka 1578. Alikwenda kusoma Padua, Italia, ambako mwalimu wake Fabricius alikuwa akionyesha vilango vidogo ndani ya vena, lakini hakujua vina kazi gani hasa. Alidhani vinapunguza kasi ya damu isijazane miguuni. Harvey alirudi kwao mwaka 1602, akawa daktari, hatimaye daktari wa mfalme, na mwaka 1628 alichapisha kijitabu cha Kilatini mjini Frankfurt, kurasa 72 tu.

Nilipoisoma tafsiri yake, nilikuta kile hasa ambacho yule mvulana wa 1976 alikuwa akikitaka. Harvey hakudai kuiona damu ikizunguka. Alipiga hesabu. Alisema: tuchukulie moyo unasukuma nje nusu wakia ya damu kwa kila pigo. Katika nusu saa moyo hupiga zaidi ya mara elfu moja. Basi zidisha: wakia 500, yaani kilo 14 au zaidi, kwa nusu saa tu. Ni nani aliyekula chakula cha kutengeneza damu kiasi hicho kwa nusu saa? Na damu yote hiyo mwili unaiweka wapi bila kupasuka? Akapunguza makadirio yake, akapunguza tena, na bado hesabu ilikataa. Damu ile haina budi kuwa ni ile ile inayorudi. Na kweli makadirio yake yalikuwa madogo mno. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban mililita 70 kwa pigo moja, na hupiga kama mara 70 kwa dakika. Hiyo ni karibu lita 5 kwa dakika, na damu yote mwilini ni kama lita 5. Kwa siku nzima ni lita 7,000 hivi, ndoo 350 za lita 20. Hakuna ini litakalotengeneza damu ya ndoo 350 kwa wali na samaki.

Aliwaita pia wachinjaji kuwa mashahidi. Mtu yeyote aliyesimama karibu na mbuzi wa Idi anajua kwamba damu ya shingoni haichuruziki tu; inaruka kwa mapigo, na kwa muda mfupi mnyama mzima amekwisha damu, pamoja na ile ya miguuni. Imepitaje kutoka miguuni hadi shingoni ikiwa hakuna njia ya kurudi?

Kisha akaleta jaribio la mkono, ambalo nakuomba ulifanye kwa upole na kwa muda mfupi. Akafunga kitambaa juu ya kiwiko kwa nguvu nyingi. Mapigo ya kifundo cha mkono yakapotea na kiganja kikapoa, maana ateri, zilizo ndani zaidi, zimebanwa na damu haiingii. Akalegeza kidogo. Mara kiganja kikajaa damu na kupata joto, na vena zikatuna chini ya kitambaa: ateri zimefunguka, damu inaingia, lakini vena zilizo karibu na ngozi bado zimebanwa, damu haiwezi kutoka. Halafu akabonyeza vena iliyotuna kwa kidole kimoja, na kwa kidole cha pili akaisukuma damu kuelekea juu, kuvuka kilango. Sehemu iliyoachwa ikabaki tupu. Damu ya juu haikurudi. Alipoinua kidole cha kwanza, ikajaa kutoka chini. Vilango vya mwalimu wake Fabricius vilikuwa vinafunguka upande mmoja tu, kuelekea moyoni.

Ningalijua hayo mwaka 1976, ningalihitaji kipande cha kanga tu.

Inasimuliwa kwamba baada ya kitabu kile wagonjwa wa Harvey walipungua, watu wakidhani amerukwa na akili. Na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, mwaka 1642 kwenye mapigano ya Edgehill, alikabidhiwa watoto wa mfalme awalinde, naye akakaa nao chini ya ua wa miti akitoa kitabu mfukoni na kusoma, mpaka kombora lilipoanguka karibu. Mtu wa namna hiyo ningependa kumfahamu.

Kulikuwa na pengo moja katika hoja yake. Ateri zinapeleka, vena zinarudisha, lakini zinakutana wapi? Harvey hakuona mahali hapo, akaamini tu kwamba pako. Alifariki mwaka 1657. Miaka minne baadaye, mwaka 1661, Mwitaliano Marcello Malpighi aliliweka pafu la chura chini ya hadubini, akaviona vishipa vyembamba kuliko unywele, tunavyoviita kapilari, vikiunganisha ateri na vena. Kwa hiyo jibu kamili la swali la mwanafunzi wangu ni hili: aliyeiona njia nzima ni Malpighi, na aliiona kwa chura.

Habari za pumzi nitazipitia kwa haraka zaidi, ingawa zinastahili makala yake. Watu wa kale walidhani tunavuta hewa ili kuupoza moyo. Mwaka 1667 Robert Hooke, mbele ya chama cha wanasayansi cha London, alichukua mbwa aliyefunguliwa kifua, akapuliza hewa mfululizo mapafuni mwake kwa mivukuto kama ya mhunzi, huku mapafu yakiwa yametuna bila kucheza. Mbwa aliendelea kuishi. Ni jaribio la kikatili, na sitaki kulipamba. Lakini lilionyesha kwamba kinachotakiwa ni hewa mpya, wala si mwendo wa mapafu. Mwenzake Richard Lower akaandika mwaka 1669 kwamba damu huingia mapafuni ikiwa nyeusi-nyeusi na kutoka ikiwa nyekundu ya kung'aa, na kwamba hewa ndiyo inayoibadili. Hewa ipi? Hilo lilingoja zaidi ya miaka mia moja, mpaka Mfaransa Lavoisier alipoipa oksijeni jina lake na kutangaza kwamba kupumua ni kuungua polepole, mithili ya mshumaa. Alikosea kidogo, alidhani moto huo unawaka mapafuni, kumbe unawaka katika kila seli ya mwili na mapafu ni mlango wake tu. Alikatwa kichwa katika mapinduzi ya nchi yake, tarehe 8 Mei 1794.

Hapa nakiri kosa langu la chaki. Kwa miaka mingi nimewafanya watoto waamini kwamba damu ya kwenye vena ni ya buluu. Sivyo. Ni nyekundu iliyokolea. Buluu ni ya vitabu, na ya macho yanayodanganywa na ngozi.

Sasa fikiria kinachotendeka wakati unaposoma mstari huu. Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli mpana uliotanda kama ngozi ya ngoma. Kinashuka, mbavu zinapanuka, kifua kinakuwa kikubwa, hewa inaingia yenyewe. Mapafu hayana msuli wa kujivuta. Unaingiza kama nusu lita. Hewa hiyo inafuata bomba linalogawanyika tena na tena mpaka kwenye vifuko vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, ambavyo kuta zake zikitandazwa zingefunika sakafu ya nyumba nzima. Kila kifuko kimezungukwa na zile kapilari za Malpighi. Oksijeni inavuka kuingia katika damu, hewa ya ukaa inavuka kutoka, na chembe nyekundu ya damu inapita hapo kwa muda usiofika sekunde moja. Hewa unayovuta ina oksijeni asilimia 21. Unayoitoa bado ina kama 16. Hatuli kila kilichopakuliwa.

Angalia pia jambo ambalo Ibn al-Nafis alilifahamu na ambalo sisi, katika msiba wetu, hatukulifahamu. Upande wa kulia wa moyo hauna kazi nyingine ila kupeleka damu mapafuni, na upande wa kushoto hauna damu nyingine ila ile inayotoka mapafuni. Ni njia moja. Kizuizi kikitokea upande wa kushoto, foleni huanzia mapafuni.

Mwaka 1994 nilikwenda kupima, kwa kuwa nilikuwa nikisumbuliwa na kichwa. Daktari akakuta shinikizo la damu liko juu. Akaniuliza maswali ya kawaida, kisha akauliza, "Mwalimu, usiku unalala kwa mito mingapi?" Nikamwambia mmoja. Nikamuuliza kwa nini anataka kujua habari za kitanda changu. Akanieleza kwamba moyo ukishindwa kazi, damu hujazana mapafuni, na shinikizo lake husukuma maji kuingia katika vile vifuko vya hewa. Mtu akilala chali, damu ya miguuni nayo hurudi kifuani kwa wingi, basi huhisi kama anazama, akainuka kitako. Kwa hiyo madaktari huhesabu mito.

Nilikaa kimya muda mrefu hata akaniuliza kama najisikia vibaya. Kisha nikamweleza habari za mdogo wangu, mito mitatu, kifua kilicholia, miguu iliyovimba. Akauliza kama kabla ya hapo aliwahi kuumwa viungo. Ndiyo, akiwa na miaka minane au tisa alivimba goti, halafu kiwiko, halafu goti la pili, maumivu yakihama kama mpangaji. Tulisema baridi yabisi, ikapoa. Na kabla ya hapo je, koo? Nikakumbuka mafindofindo, na mama akimsukutulisha maji ya chumvi.

Daktari hakuthubutu kutoa hukumu juu ya mtu ambaye hakupata kumpima, aliyezikwa miaka 28 nyuma. Alisema tu kwamba pumu haivimbishi miguu ya mtoto namna ile, na kwamba kuna ugonjwa wa koo uletwao na bakteria ambao, usipotibiwa, kinga ya mwili huchanganyikiwa na kuvishambulia viungo na vilango vya moyo wa mwenyewe. Viungo hupona. Vilango hubaki na makovu, na miaka ikienda kile cha upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, hukakamaa na kuwa chembamba kama tundu la kifungo. Mengine yanafuata yenyewe, kama Ibn al-Nafis angeweza kukueleza.

Nilirudi vitabuni kwa hasira. Nikasoma kwamba mwaka 1925 daktari Henry Souttar wa London alimpasua msichana wa miaka 15 mwenye ugonjwa huo huo, akaingiza kidole chake moyoni na kukipanua kilango, na msichana akapona upasuaji na kuishi miaka kadhaa. Wenzake hawakumpelekea mgonjwa wa pili. Kazi hiyo ikalala mpaka mwaka 1948, ilipoanzwa upya Marekani. Nikasoma kwamba mwaka 1950 madaktari wa Marekani walionyesha, kwa askari wa kambi moja ya anga, kwamba penisilini ikitolewa mapema kwa mwenye koo la namna ile huzuia maradhi hayo ya viungo na moyo. Mwaka 1950 ndio niliozaliwa mimi. Siku hizi kilango hupanuliwa kwa kipira kinachoingizwa kupitia mshipa wa paja, njia iliyochapishwa na Mjapani Kanji Inoue mwaka 1984, na Dar es Salaam tunayo taasisi ya moyo tangu mwaka 2015. Hayo ya mwisho nimeyaongeza baadaye. Wakati ule wa 1994 nilikuwa na habari mbili tu za kumpelekea mama: kwamba haukuwa moshi, na kwamba lilikuwa koo.

Nilimkuta barazani akichambua mchele. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia nimezungumza na daktari bingwa, naye anaona mtoto hakuwa na pumu. Ulikuwa moyo. Moshi wa jikoni haukuhusika kabisa.

Aliendelea kuchambua. Nilidhani hakunisikia.

"Kumbe ulikuwa moyo," akasema mwishoni.

"Ndiyo, mama. Vilango vya moyo vilikuwa havifunguki sawasawa, damu ikarudi mapafuni. Ndiyo maana ikawa kama pumu."

Akatoa punje ya mpunga, akaitazama, akaitupa. "Na hivyo vilango, mwanangu, vilipatwa na nini?"

Wakati huo nilikuwa nimefundisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Niliyaona yale maji ya chumvi, na kikombe cha bati, na mikono yake ikimshika mtoto kidevu.

"Hilo, mama, hawajui," nikasema.

Akanisogezea sehemu ya mchele nimsaidie.